Alama ya Swaumu

Mboni binti Mbaraka bin Mfaume alikuwa mke wa kaka yangu Salumu. Babu yake, Mfaume, ndiye aliyechimba kisima peke yake katika msitu wa Kisarawe, miezi miwili, akatoka na maji matamu na kidole kimoja pungufu. Ndiyo maana kitongoji chote kikaitwa Kwa Mfaume. Baba yake, Mbaraka, alitembea kwa miguu mpaka Dar es Salaam mwaka wa sitini na moja kwenda kuona bendera mpya ikipanda, akarudi siku ya nne na mkebe wa bati wa biskuti za dukani. Mkebe ulikuwa mtupu, biskuti alizimaliza njiani. Mboni aliutumia mkebe ule maisha yake yote. Na yeye mwenyewe alizaa watoto watatu, akamzika mmoja, na mmoja akaenda kumrudisha wakati alikuwa ameshafika nusu ya njia. Hilo la mwisho ndilo ninaloliandika, kwa sababu nilikuwepo na sijasahau kitu.

Mimi ni Mwanaamina, wifi yake. Nilisoma mpaka darasa la nne, na katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa nikisoma barua. Niliporudishwa na mume nilikwenda kukaa kwa kaka yangu, na Mboni hakuninunia hata siku moja. Tulitaniana tu, kama mawifi wanavyotaniana.

Kuoka biskuti alijifunza Kibaha, kabla hajaolewa, alipokuwa akimsaidia kazi za nyumbani mama mmoja wa kizungu aliyefundisha ushonaji. Yule mama alikuwa na jiko la chuma lenye mlango. Mboni hakuwa na jiko la chuma, lakini alikuwa na sufuria kubwa, mchanga wa mtoni na akili. Alitandaza mchanga ndani ya sufuria, akaweka juu yake kipande cha bati kilichopakwa mafuta, akapanga biskuti zake, akafunika, kisha akapalia makaa juu ya kifuniko. Moto chini, moto juu. Aliujua moto wake kwa kusogeza kiganja tu. Unga wa ngano, sukari, samli kama ipo, nazi iliyokunwa ikakaushwa, iliki, na yai moja la kuku wake. Alisukuma donge kwa chupa, akakata miduara kwa mdomo wa glasi.

Biskuti ilikuwa ya ugenini, lakini alama ilikuwa ya kwao. Bibi yake alikuwa akitia alama mikate ya nyumbani, kila mtu na yake, ili asigombane mtu na mtu. Mboni akaihamishia kwenye biskuti. Ya Salumu aliipiga kwa kichwa cha spana ya baiskeli. Yake mwenyewe kwa meno ya kitana. Ya Mfaume, mtoto wake wa kwanza, kwa kifungo cha shati. Yangu kwa pete yangu ya fedha, ambayo mume hakunipa, niliinunua mwenyewe. Sikukuu, maulidi, mgeni akija, hata Ijumaa ya kawaida chai ikichemka, mkebe ulifunguliwa na kila mtu akatafuta yake.

"Wifi," nilimwambia siku moja, "mwaka huu yangu umeifanya nyembamba."

"Nimeipima na mwenyewe," akasema.

Mtoto wa pili alikuwa Swaumu. Yeye hakutaka kifungo wala karafuu. Alisimama karibu na ubao, akachomeka kidole chake cha mwisho, cha mkono wa kushoto, katikati ya donge. Kidole kidogo kama punje ya korosho mbichi. Hiyo ikawa alama yake.

Kwa kina Mboni kulikuwa na desturi moja kuhusu alama. Mtu akifa, alama yake huendelea kupigwa mpaka siku ya arobaini. Siku hiyo dua ikishasomwa, biskuti ya mwisho hupelekwa kaburini, huvunjwa kwa mkono, na kitu kilichopigia alama hupewa mtu baki. Wao waliita kufunga alama. Mwalimu wa chuo cha Kurani hakuipenda desturi hiyo, lakini aliila biskuti.

Swaumu alifariki mwaka wa sabini na nne, mwezi wa nane, homa ya siku mbili, akiwa na miaka mitatu. Wakati huo Mboni alikuwa na mtoto mchanga wa miezi sita, Mwamini. Tukamzika Swaumu palepale Kwa Mfaume, nyuma ya jiko, karibu na mkorosho. Tukahesabu siku. Siku ya thelathini na moja lori likaja.

Nani wa umri wangu asiyeyajua malori yale. Watu wote walitakiwa kuhamia kwenye kijiji kipya, upande wa Gwata, mahali penye barabara na palipopangwa mistari. Tulipewa asubuhi moja. Salumu alipakia vitanda, mabati na kuku. Kinu chetu kikubwa chenye ufa hakikupata nafasi, kikabaki uani. Mboni alikwenda nyuma ya jiko, akakaa kidogo, akarudi na mkebe kifuani.

"Bado siku tisa," alimwambia Salumu.

"Tutarudi tuzimalizie, mama Mfaume. Siyo mbali."

Hatukurudi. Kurudi kwenye mahame siku zile kulihesabiwa ni kutoroka kijiji, na Salumu hakutaka maneno.

Tulipofika kijijini palikuwa na karani mwenye miwani, amekaa juu ya gunia, anaandika kaya. Salumu alikuwa anashusha mizigo. Mboni ndiye aliyesimama mbele ya karani, Mwamini yuko mgongoni, amefunikwa khanga yote kwa sababu ya jua. Sasa nisikilizeni vizuri, maana kosa liko hapa. Kwa kina Mboni, mtoto ambaye hajaachishwa ziwa hatajwi jina mbele ya mgeni. Wanaogopa jina lisije likazoea kuitwa na wasiojulikana. Anasubiriwa mpaka aache ziwa, kisha anatajwa.

"Baba wa kaya?" karani akauliza.

"Salumu."

"Wewe?"

"Mboni."

"Wengine?"

"Mwanangu Mfaume. Na wifi yangu huyu, Mwanaamina."

"Wengine?"

Mboni akaikaza khanga kifuani. Wa mgongoni hawezi kumtaja. Na midomo yake ilikuwa imezoea kusema majina mawili, la Mfaume na la mdogo wake, kila siku, miaka mitatu. Nikamsikia anasema, "Swaumu."

Karani akaandika. "Watano. Huyo Swaumu yuko wapi?"

"Yupo," Mboni akasema.

Mimi nilikuwa na macho na nilijua kusoma. Nililiona jina lile kwenye karatasi, wino haujakauka. Tulipokwenda pembeni nikamwambia, "Wifi, umemwandikisha marehemu ukamwacha aliye hai."

"Hesabu ni ileile, wifi. Watano ni watano. Liache, halimdhuru mtu."

Nikaliacha. Nayo hiyo ni sehemu yangu katika mambo haya.

Basi hakuifunga alama. Dua ya arobaini ilisomwa kijijini, lakini biskuti haikufika kaburini. Mboni akaendelea kuoka biskuti ya Swaumu, akiipiga kwa kidole chake mwenyewe cha mwisho, na kila Ijumaa mchana akaiweka kwenye sahani dirishani, juu yake kawa. Alasiri tukifunua, sahani tupu.

Mwanzo tulidhani kuku. Lakini kuku hafunui kawa akalirudisha. Tukadhani Mfaume, akaapa kwa msahafu. Tukadhani siafu, lakini siafu huacha chenga. Sahani ilikuwa safi kama imepanguswa. Na jambo jingine niliona mimi kabla yake. Biskuti ikiingia motoni huvimba, na alama hutanuka. Kila mpishi analijua hilo. Ya Swaumu ilikuwa inaingia na tundu la kidole cha mtu mzima, inatoka na tundu la mtoto.

"Moto wako leo umepungua juu," nilimwambia.

Aliitazama biskuti ile mkononi kwa muda. "Ndiyo, umepungua," akasema. Makaa juu ya kifuniko yalikuwa mekundu.

Mwamini akaacha ziwa, akatajwa, akapata alama yake: karafuu. Ikichomekwa na kuchomolewa huacha kinyota. Akakua, mtoto mwenye maneno mengi, mkaidi, anayecheka kwa kelele. Kwenye karatasi ya kijiji hakuwepo, lakini nani alikuwa anaisoma karatasi.

Jirani yetu alikuwa Biubwa, mwanamke asiyependa kukosewa adabu. Siku moja saa nane mchana alikuja kuomba chumvi, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Mboni, yule mwanao mdogo hasalimii watu."

"Mwamini? Amekwenda mtoni na shangazi zake wa kule ng'ambo."

"Siyo huyo. Yule mwingine, anayekaa chini ya dirisha lako. Nampita, namwangalia ili aniamkie, yeye kidole mdomoni tu. Mlee mwanao."

Mboni alimpimia chumvi, akamwaga nusu chini.

"Nitamwambia," akasema.

Biubwa alipoondoka nikasema, "Wifi, peleka ile biskuti Kisarawe. Ifunge."

"Nikiifunga, atakula wapi?"

Sisi hatukuwa watu wa kwenda kwa waganga, na kaka yangu ukimweleza mambo kama haya anakuuliza kama umekunywa maji ya kutosha.

Mwaka wa themanini na moja akaja Mwalimu Ponsiano, mtu wa bara, mrefu, mpole, anapita nyumba kwa nyumba kuandikisha watoto shule. Alitusalimia shikamoo sote, hata mimi ambaye sikumzidi sana. Akafungua daftari lake.

"Hapa ninaye Swaumu binti Salumu, miaka kumi."

Mwamini alikuwa mlangoni. Miaka saba, hana meno mawili ya mbele.

"Ni huyu," Mboni akasema.

Mwalimu akamtazama. "Huyu ana miaka kumi? Mama, kijiji hiki watoto wanakua kurudi nyuma."

Tukacheka, hata Mboni alicheka. Kisha akamweleza, kwa kifupi, kwamba huyu ni Mwamini na karatasi ilikosewa. Hakusema nani aliyeikosea. Mwalimu akakuna kichwa. Daftari lake lilinakiliwa kutoka kwenye orodha ya kijiji, na orodha hakuwa na amri nayo. "Aje aanze kwa jina lililopo," akasema. "Nitaandika barua irekebishwe. Asikose shule kwa sababu ya jina."

Alikuwa na nia njema. Barua aliandika, na barua siku zile zilikuwa zinasafiri kwa miguu. Mwamini akaanza shule. Kila asubuhi mwalimu akaita, "Swaumu Salumu," na yeye akaitikia, "Nipo."

Mwezi wa kwanza alirudi nyumbani anacheka. Mwezi wa tatu akaacha kucheka. Hakuugua, hapana. Zahanati walimpima, wakasema mtoto hana kitu. Lakini alianza kupungua, mikono ikawa kama vijiti vya mshikaki. Akawa mtulivu. Mtoto aliyekuwa akinijibu neno kwa neno akawa anakaa chini ya dirisha, kwenye kivuli, mchana kutwa. Siku moja nikamwona ametia kidole mdomoni. Cha mwisho, cha mkono wa kushoto.

"Wewe umeanza lini kunyonya kidole, msichana mzima?"

"Siku zote, shangazi," akasema.

Siku nyingine tulikuwa tunatwanga, akamuuliza mama yake, "Mama, kile kinu chetu chenye ufa tulimwachia nani?"

Mboni akashusha mchi taratibu. Mwamini aliondoka kule yuko mgongoni, ana miezi saba, amefunikwa khanga. Hakuna aliyewahi kumtajia kinu.

Na biskuti zilikuwa zinasema lilelile. Mboni akichomeka karafuu kwenye donge la Mwamini, biskuti inatoka kinyota kimefumba. Alipunguza mafuta, kinafumba. Akachomeka mara mbili, kinafumba. Alibadilisha mpaka mchanga wa sufuria. Ile ya kidole ilikuwa inatoka na tundu la kina, limekaa vizuri, kama limepigwa sasa hivi.

Ikafika Idi ya mwaka wa themanini na tatu. Ndiyo miaka ya foleni, sukari ukiiona unaisalimia. Mboni alikuwa ameficha unga wa ngano vikombe viwili kwenye mtungi tangu mwezi wa Shaabani, akaoka biskuti sita, moja kwa kila mtu, na ile. Wanaume waliporudi kuswali tulikaa kwenye mkeka, chai imemiminwa, mkebe ukafunguliwa. Spana, kitana, kifungo, pete. Mwamini akapeleka mkono wa kushoto, akachukua ya kidole.

"Hiyo siyo yako, mwanangu," Mboni akasema. "Yako ya karafuu."

"Ya karafuu haipo."

Tukaangalia. Kweli haikuwepo. Kulikuwa na biskuti moja imebaki, laini kama kiganja, haina kitu.

"Mwamini," mama yake akaita.

Mtoto anakula. Hakuinua kichwa.

"Mwamini. Mwamini binti Salumu."

Hakuinua. Kaka yangu alicheka kidogo, akasema, "Binti, unaitwa na mama yako," na yeye pia hakujibiwa. Mboni alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Akasema polepole, sauti ya kawaida kabisa, "Swaumu."

"Abee, mama," mtoto akaitika, akamgeukia, anatabasamu.

Hakuna aliyemaliza chai. Siku ile ndipo Mboni alipomweleza mume wake yote, kuanzia kwa karani, na hakujificha nyuma ya mtu. "Ni mimi niliyempa Swaumu mahali pa mwenzie," akasema. "Huyu aliye hai anakwisha, Salumu. Nisipoifunga ile alama nitakuwa na makaburi mawili, na la pili sitaweza hata kulieleza."

Salumu aliitazama chai yake mpaka ikaingia utando. Kisha akauliza kitu ambacho mwanamume huuliza. "Unga utautoa wapi?"

Unga wa ngano haukuwepo kijiji kizima. Mboni akaoka kwa unga wa muhogo, nazi, na asali tuliyopewa na mzee mmoja wa Gwata, iliki mbili za mwisho. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, jua limeshapanda. Akakata mduara mmoja tu, akauweka juu ya bati, akageuka kuchochea makaa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya bati lile, mikono yangu magotini. Sikupepesa, au labda nilipepesa mara moja. Alipogeuka tena, tundu la kidole lilikuwa limeshapigwa.

"Wifi, ni wewe?"

Nikamwonyesha mikono yangu. Ilikuwa mikavu. Akafunika sufuria.

Tuliondoka alfajiri ya Ijumaa, Mboni, mimi na mtoto, tukapanda lori la mkaa kutoka Mlandizi, likatushusha njiani, na kutoka hapo ni miguu. Mwamini alikuwa dhaifu, nilidhani tutambeba. Hatukumbeba. Tulipoingia njia ya msituni alitangulia yeye. Palipogawanyika hakuuliza, na njia yenyewe ilikuwa imeota majani mpaka kiunoni.

Kwa Mfaume palikuwa hapana tena nyumba. Udongo ulikuwa umerudi chini. Kisima kimejaa majani. Ndege hawakulia, na ilikuwa saa nne asubuhi, jua kali, siyo wakati wa ndege kunyamaza. Kinu kilikuwepo pale pale, kimelala ubavu, na ndani yake hakukuwa na majani wala buibui. Kilikuwa kisafi. Kina unyevunyevu wa udongo.

Tukazunguka nyuma ya jiko. Mkorosho ulikuwa umekuwa mkubwa. Chini yake, juu ya kaburi na pembeni ya kaburi, mistari kwa mistari, zilipangwa biskuti za udongo.

Niliziona kwa macho yangu haya. Miduara ya udongo, saizi ya mdomo wa glasi, imekaushwa na jua. Katikati ya kila moja tundu la kidole kidogo. Nilihesabu mpaka sitini nikaacha. Za chini zilikuwa zimepasuka kwa ukale, za juu mpya zaidi. Hakuna anayeishi pale, mtu wa karibu ni mwendo wa saa mbili. Na ya mwisho, mwisho wa mstari, ilikuwa bado mbichi. Haikuwa na kidole. Ilikuwa na kinyota cha karafuu, na msitu ule hauna karafuu.

Mwamini akaketi kama mtu aliyefika kwao. Akaichukua ile mbichi kwa mkono wa kushoto, akaipeleka mdomoni.

Nilitaka kumrukia. Mboni akanishika mkono. "Usimnyang'anye," akasema. "Mtoto akinyang'anywa hushikilia."

Akaketi mbele ya mwanae, magoti kwa magoti. "Mwanangu, nini hicho?"

"Biskuti. Amenipikia."

"Nani?"

"Dada. Anasema wewe unampikia yeye kila wiki, na yeye anipikie mimi. Nikiila hii ndiyo tutakuwa sawa."

Mboni alimpangusa vumbi magotini. "Ana adabu, dada yako. Alijua kushukuru. Mwambie ahsante."

"Ahsante, dada."

"Sasa nipe mimi niishike kidogo. Nina yangu ya kumpa kwanza."

Mtoto alimtazama muda mrefu. Udongo ulikuwa umeshamgusa mdomo wa chini. Kisha akanyoosha mkono akampa.

Mboni akafungua kitambaa, akatoa biskuti ya muhogo, akaivunja juu ya kaburi, kipande, kipande, mpaka ikawa chenga.

"Swaumu binti Salumu," akasema, "mama yako amechelewa. Siku tisa zimekuwa miaka tisa. Nilikuweka mlangoni, huingii hutoki, nikasema nakupenda. Jina nililokupa kwa karani halikuwa lako tena, nalirudisha kwa mdogo wako. Kula hii, ni ya mwisho, kisha lala mwanangu. Mimi nitakuja kwa miguu yangu siku yangu ikifika. Huyu muache."

Kisha akachukua ile ya udongo yenye kinyota, akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka kinyota kikafa, akailaza juu ya chenga. Ikabaki kitu cha kumpa mtu baki, kama desturi inavyotaka, lakini alama ilikuwa ya kidole, na kidole hakitolewi. Akafikiri. Akaniomba wembe niliokuwa nimefunga kwenye pembe ya khanga, akakata ukucha wa kidole chake cha mwisho, akanipa.

"Wewe siyo mtu baki, wifi, lakini leo hatuna mwingine. Kautupe kisimani."

Nikautupa kisimani mwa babu yake. Haukusikika, ukucha hausikiki. Lakini ndege mmoja alilia, halafu wa pili.

Wao walitangulia. Mimi niligeuka nyuma, siwezi kusema uongo, mimi ni mtu wa kugeuka. Biskuti zile za udongo zilikuwa bado pale, mistari kwa mistari, na kila moja ilikuwa laini. Hakuna hata moja iliyokuwa na tundu.

Mwamini alilala mgongoni mwa mama yake mpaka barabarani, mtoto wa miaka tisa, na Mboni hakukubali nimpokee. Tulipofika Mlandizi tulinunua mihogo ya kuchoma kwa mama mmoja aliyekaa kando ya stendi. Yule mama akamwinamia, akauliza kama wanavyouliza wauzaji, "Unaitwa nani, mrembo?"

Mboni aliacha kutafuna.

"Mwamini binti Salumu," mtoto akasema. Akanyoosha mkono wa kulia. "Na huo una pilipili kidogo mno."

Yule mama akacheka, akamwongezea. Mboni akageuka pembeni akajifuta uso kwa khanga, akasema ni moshi.

Jumatatu Mboni alikwenda shule mwenyewe. Mwalimu Ponsiano alimsikiliza mpaka mwisho. Akachukua daftari lake, akapiga mstari mmoja juu ya jina lile, kwa rula, akaandika la Mwamini. "Barua nitaipeleka kwa mkono wangu," akasema, na aliipeleka. Sahani ya dirishani Mboni aliiosha, akaiweka kabatini pamoja na nyingine. Biubwa hakulalamika tena juu ya adabu ya mtoto yeyote, ila wa kwake.

Mwaka wa themanini na tano Mfaume alioa. Mchumba alitoka Mbwawa, anaitwa Mwanamvua, na unga ulikuwa umeanza kupatikana tena. Asubuhi ya kuoka, Mboni alisukuma donge, akakata miduara, kisha akapangusa mikono na kukaa kwenye kibao. Akafungua leso. Ndani kulikuwa na spana, kitana, kifungo na karafuu tatu. Pete nilivua mwenyewe nikamwongezea.

"Mwamini, njoo hapa. Shika."

Mwamini, miaka kumi na moja, akaipokea leso kwa mikono miwili.

"Kuanzia leo alama utapiga wewe. Huyu bibi harusi mtafutie yake, muulize anapenda nini. Kabla hujapiga, toka nje uwatazame watu, mmoja mmoja, kwa macho. Usihesabu kwa mdomo, mimi nilihesabu kwa mdomo. Ukimwona, mpigie. Usipomwona, usimpigie. Mtoto mchanga mpigie, hata kama hatajwi. Na hiki kitana, siku yangu ikifika, unapiga mpaka siku ya arobaini. Siku hiyo unaivunja kaburini, unakitoa kwa mtu. Hata kama kuna lori nje linapiga honi, mwambie dereva angoje. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Basi toka ukawatazame."